Mwenye Pochi Yuko Stetasi

Kila nikikaa na vijana wanaosimamia kurasa za maduka hapa Dar es Salaam, nasikia hoja ileile: wateja wamehamia TikTok, Facebook wamebaki wazee, na WhatsApp ni ya kutumiana dua za asubuhi. Bajeti ya matangazo inafuata hoja hiyo. Naona inamsahau mwenye pochi.

Vijana wana hoja, tena nzito. TikTok haikuulizi una wafuasi wangapi. Video fupi ya fundi wa Keko akipiga msasa kabati inaweza kumfikia mtu wa Mwanza ambaye hajawahi kumsikia. WhatsApp haiwezi hilo. Anayewauzia wanachuo viatu au simu, asipokuwepo TikTok na Instagram, anawaachia wenzake wateja.

Sasa tuitazame namba 256. Kwenye WhatsApp ya kawaida, orodha moja ya kutuma ujumbe kwa wengi inabeba watu 256 tu, na ujumbe unamfika yule aliyesevu namba yako. Stetasi nayo, kwa kawaida, huonwa na watu mliosevuana namba, kisha inafutika baada ya saa 24. Kwa aliyezoea kuhesabu watazamaji kwa maelfu, hicho ni kibanda cha uchochoroni. Mimi hao 256 nawathamini sana. Kila mmoja aliwahi kukaa na simu yake akaandika "Dada wa Khanga" au "Mama Vitenge Kkoo". Mtu hasevu namba ya muuzaji asiyetarajia kumtafuta tena. Waliopitisha kidole juu ya video hawajafika hata nusu ya hapo.

Jumamosi moja nilikaa dukani kwa muuza khanga mmoja Kariakoo. Aliweka stetasi picha mbili, bei ikiwa imeandikwa juu ya picha, na chini yake: "Zimebaki doti 4." Chai yake haijapoa, ukaingia ujumbe wa sauti wa mama mtu mzima: "Mwanangu, hiyo ya kijani niwekee, nina shughuli Kibaha." Akajibu, naye kwa sauti: "Shikamoo mama, nimeshakuwekea." Pesa ikaingia kwenye simu, mzigo ukapanda bodaboda. Jioni mama yuleyule akarudi kuuliza kama zinaweza kupatikana doti 12 za rangi hiyo. Alikuwa ameirusha picha kwenye grupu la kamati ya harusi.

Hayo magrupu ndiyo ninayoyafikiria zaidi: kamati za harusi, vikoba, ukoo, wazazi wa darasa la nne. Humo wapo watu wazima wanaochanga, wanaolipa ada, wanaonunua kitanda na sola. Uamuzi wao hautokei kwenye ripoti yoyote ya matangazo, na nakubali kwamba hapo ndipo kampuni kubwa inapokwama. Grupu la ukoo halinunuliki. Ukiingia na tangazo bila kufahamiana na watu, admini anakutoa siku hiyohiyo. Kwa kampuni ya soda, kuelekeza fedha TikTok ni uamuzi wa busara. Lakini maduka mengi ninayoyaona si kampuni za soda. Ni mtu mmoja, meza moja na simu moja.

Tena vizazi hivi haviishi mbalimbali. Binti anaona gauni TikTok, anaipakua video na kumrushia mama yake WhatsApp, maana mwenye hela ni mama. Video inafika na nembo yake pembeni, na maelezo yanayosema "bei njoo inbox". Binti anajua inbox ni wapi. Mama hana akaunti huko. Anaipeleka kwenye grupu la dada zake na kuuliza: "Hili gauni bei gani, na duka liko wapi?" Wanalisifia wote, na hakuna hata mmoja mwenye namba ya muuzaji.