Mwajemi Yuko Wapi?

Kila nikitazama sinema au mchezo uliotokana na Le Fantôme de l'Opéra (Mzuka wa Opera), namtafuta mtu mmoja na simwoni: Mwajemi.

Gaston Leroux aliitoa riwaya hii kwa mfululizo katika gazeti la Le Gaulois, Paris, kuanzia Septemba 1909. Wengi wanaijua kwa thurea inayowaporomokea watazamaji, na kwa ziwa lililo chini ya jumba la opera. Nayapenda yote hayo. Lakini kilichoniliza mimi ni ukurasa wa mwishoni, Erik, yaani huyo Mzuka mwenyewe mwenye uso wa kutisha, anapojikokota hadi nyumbani kwa Mwajemi, mtaa wa Rivoli, akiwa hoi. Mwajemi huyo ndiye mkuu wa polisi wa zamani aliyemwokoa asiuawe kule Uajemi. Erik anamsimulia kwa kwikwi kwamba amembusu Christine, mwimbaji anayempenda, kwenye paji la uso, na binti wa watu hakurudi nyuma. Mama mzazi wa Erik hakuwahi kumruhusu ambusu. Alikuwa akimkimbia na kumrushia barakoa yake.

Sasa tazama walichofanya. Katika sinema ya 1925 mwigizaji Lon Chaney alijipodoa uso wa fuvu ambao hadi leo unanitisha, hilo nampa. Ila Mwajemi amegeuzwa mpelelezi wa polisi, na Erik anauawa na kundi la watu na kutupwa mtoni Seine. Katika ile ya 1943 mwigizaji Claude Rains anamwagiwa tindikali, yaani ubaya wa sura umekuwa ajali. Kisha likaja onyesho la muziki la Andrew Lloyd Webber, London, 1986, lenye barakoa ya nusu uso. New York pekee lilichezwa mara 13,981 hadi Aprili 2023. Nyimbo zake ni tamu, sikatai. Lakini ile nusu iliyobaki wazi ni ya mwanamume mtanashati, na Mwajemi hayumo kabisa.

Erik wa Leroux hana nusu nzuri. Alizaliwa hivyo, mtoto wa mwashi, na barakoa ilimfunika uso mzima tangu utotoni. Ukimpa uso wa kupendeza, lile busu linakuwa la mapenzi tu, na yule mama anayekimbia anasahaulika.

Kabla ya kuondoka, Erik anamwomba Mwajemi jambo moja: akifa, atangaze gazetini. Wiki tatu baadaye tangazo linatoka, fupi mno: Erik amekufa. Bila Mwajemi, nani angelipeleka?