Pombe si chanzo peke yake

Mwandishi, habari yako ya wake kupigwa huku Urambo, Tabora, msimu wa mauzo ya tumbaku imelaumu pombe tu. Thomas Scheff, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1994 kwamba aibu isiyosemwa hugeuka hasira, hasa pale watu wanapokuwa wametengana mioyo. Tunaliona hilo. Baba anatoka kuchukua malipo ya tumbaku chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, makato ya mbolea aliyokopeshwa yamemeza karibu malipo yote, mama anauliza sare za mtoto majirani wakisikia, ngumi ndiyo inajibu. Simtetei hata kidogo! Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakimpi haki ya kumchapa mkewe. Ila ustawi wa jamii waje waongee na wanaume wenyewe, siku ileile ya malipo.