Tafsiri Iliyogandia Sufuriani

Kwa miaka kumi na minne sasa ninajipatia riziki kwa kutafsiri maandishi ya Kiingereza kwa Kiswahili, na katika muda huo nimewasahihisha wenzangu kwa ukali ambao leo naona haya kuukumbuka. Ninalitanguliza jambo hili kwa sababu mkasa wenyewe, ingawa ulitokea jikoni na kuharibu sufuria ya mke wangu, asili yake ni tafsiri.

Nilikuwa nikiwasomea wanangu wawili, kila usiku kabla ya kulala, ile riwaya ya C. S. Lewis ya mwaka 1950 ambamo watoto wanne wanaingia kwenye kabati la nguo na kutokea katika nchi ya Narnia. Nilikuwa nikiifasiri papo kwa papo, kwa madaha. Tulipofika pale ambapo Edmund anakutana na mchawi anayejiita malkia, akapewa kisanduku cha duara kilichofungwa kwa utepe wa hariri ya kijani na kujaa vitamutamu laini ambavyo Waturuki huviita lokum, kisha kwa uchu wa kupata vingine akakubali kuwaleta ndugu zake kwa adui, binti yangu wa miaka kumi alinikatiza.

"Baba, mtu anaweza kumuuza ndugu yake kwa peremende?"

Nilimweleza kwamba watoto wale walikuwa wameondolewa London wakati wa vita kwa kuhofia mabomu, na kwamba hata kitabu kilipotoka peremende zilikuwa bado zinauzwa kwa mgawo nchini Uingereza, mgawo ambao haukukoma hadi Februari 1953, kwa hiyo Edmund tusimhukumu kwa haraka. Binti alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema kwamba hawezi kutoa hukumu kabla ya kuonja, na mdogo wake, ambaye ndiye angekuwa bidhaa, akamuunga mkono.

Mtu mwenye busara angechagua chakula kingine cha riwayani. Katika kitabu cha J. R. R. Tolkien cha mwaka 1937 kuna mkate mkavu wa safari uitwao cram, ambao mwandishi mwenyewe anakiri kwamba hauna ladha ya maana na faida yake ni kuyapa mataya mazoezi. Huo ningeuharibu nisijulikane. Badala yake nilichagua lokum, tena katika wiki ambayo mama mkwe wangu alikuwa amevuka kutoka Unguja kuja kututembelea.

Mapishi niliyapata kwa Kiingereza cha Uingereza. Niliyatafsiri yote kwa Kiswahili sanifu, nikayachapa na kuyabandika ukutani juu ya jiko. Yalitaka sukari kilo moja, maji, juisi ya limau ili sukari isigeuke chengachenga, marashi ya mawaridi, matone machache ya rangi nyekundu, na gramu 150 za kitu ambacho jina lake, ukilichukua neno kwa neno, ni unga wa mahindi. Sikuona haja ya kufungua kamusi. Nani asiyeujua unga wa mahindi?

Shira ilichemka vizuri, ikanukia limau, nami nikamimina sembe. Haikushikana kama nilivyotarajia. Nikaongeza kidogo, halafu kidogo tena, na hapo ndipo mkono wangu uliponisaliti, maana mkono uliozoea mwiko, ukiona unga wa mahindi umo kwenye maji yanayochemka, hausubiri maelekezo ya mtu. Ulianza kusonga. Sufuria ikaanza kurusha matone ya shira ya moto, moja likatua kwenye kiwiko na jingine kwenye shavu, nami nikaendelea kusonga huku nimejifunga taulo usoni kama mrina asali. Nilipotia marashi na rangi, nyumba nzima ilinukia harusi. Nikaumimina mchanganyiko ule kwenye sinia na kuuacha ugande hadi asubuhi.

Asubuhi niliukata vipande vya mraba, ingawa kisu kilikuwa kikinata, nikavinyunyizia sukari laini na kuvipanga kwenye kisanduku nilichokifunga utepe wa kijani, kisha nikakiweka mbele ya mama mkwe kwa mikono miwili. Mwanangu wa kiume alikuwa wa kwanza kutafuna. Alitafuna kwa muda mrefu, kwa sauti ya mtu anayekanyaga mchanga, kwa kuwa sukari ilikuwa imeyanyang'anya mahindi maji na kuyaacha nusu mabichi.

"Baba," alisema, "huu si ugali?"

Mama mkwe alimkata jicho. Akachukua kipande cha rangi ya waridi, akakinusa, akakimega kwa ncha ya vidole, akameza bila kukunja uso, kama alivyofunzwa kwao kuhusu chakula cha ugenini. Kisha akaniuliza kwa upole mkubwa:

"Na kitoweo chake nini, mwanangu?"

Mke wangu alitoka chumbani kwa haraka, na tulimsikia akicheka uani hadi akakohoa.

Mama mkwe alivaa miwani, akaenda kuyasoma mapishi ukutani, akarudi na swali moja tu: wanga uko wapi? Ndipo nikafungua kamusi. Kumbe Waingereza huuita wanga wa mahindi kwa jina hilo la unga, ilhali Wamarekani husema wazi kwamba ni wanga, na laiti ningechukua mapishi ya Mmarekani ningesalimika. Kinachoniuma zaidi ni kwamba katika duka la mtaani kwetu kitu hicho kimo kwenye rafu, ndani ya boksi, kinauzwa kwa jina la konflawa. Muuza duka, ambaye hakutafsiri chochote, alikuwa sahihi kuliko mimi.

Siku iliyofuata mama mkwe aliingia jikoni mwenyewe. Aliuvuruga wanga kwa maji ya baridi kwanza, akatia sukari, samli, iliki, zafarani na kungumanga, nami nikaruhusiwa kukoroga chini ya usimamizi kwa zaidi ya saa mbili, hadi mchanganyiko ukang'aa na kuachana na sufuria. Ilikuwa halua, ndugu wa lokum kwa wanga na sukari. Binti yangu alikula vipande vitatu, akamtazama mdogo wake kwa makini, asiseme neno.

Sufuria ya mke wangu ililowekwa siku tatu. Mabaki nilimpa jirani anayefuga kuku, naye akayarudisha.

Idi iliyofuata tulivuka kwenda Unguja. Wageni wote waliandikiwa biriani. Mbele yangu shemeji zangu waliweka sahani ya ugali, na kando yake, juu ya kitambaa cheupe, mrashi wa fedha uliojazwa hadi shingoni.