Mahari ya Chokoleti

Mimi sina ugomvi na mtu, lakini Jumamosi iliyopita nimelipa shilingi 75,000 ili nikatazwe kutafuna.

Chanzo ni Mama Neema. Mwenzake wa kikoba alimtumia tangazo kwenye simu, akanisomea kwa sauti ya mtu aliyeshaamua: "Baba Neema, kuna jioni ya kuonja chokoleti bora na vinywaji, Masaki." Katika maneno yote hayo mimi nilisikia moja tu: vinywaji. Lile la "kuonja" nililipuuza, na ndilo lililoniponza. Kwetu ukiambiwa njoo uonje pilau, unakuta sinia. Kwa hiyo mchana sikula. Niliacha nafasi, kama mtu anayekwenda harusi ya tajiri.

Tumefika. Meza ndefu, kitambaa cheupe, kiyoyozi kinapuliza mpaka masikio yanauma. Mbele ya kila mtu sahani, na juu ya sahani vipande vitano vya chokoleti, kila kimoja ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Pembeni, glasi tano ndogo zenye kinywaji kilicholowesha kitako tu. Ungedhani ni glasi za jana zilizosahauliwa kuoshwa. Nikamgeukia Mama Neema. Mama Neema akaangalia ukuta.

Kwa kuwa nilikuwa na kiu, na kwa kuwa hakuna aliyenikataza, nikazimaliza zote tano wakati watu wengine bado wanatafuta viti.

Akaja dada mwenye aproni, mpole, sauti ya chini kama ya nesi. "Karibuni sana. Leo tutaziozesha chokoleti na vinywaji." Akaeleza kwamba kila chokoleti ina mwenza wake wa kunywewa naye, na kazi yetu ni kuona nani anapatana na nani. Nikajisemea, sawa, kama ni ndoa basi mahari ni ile elfu 75, nimetoa mimi, na bibi harusi mwenyewe hawezi kuziba hata tundu la jino bovu. Halafu nikatazama glasi zangu. Mabwana harusi wote watano nilikuwa nimeshawamaliza.

Nikatupia kipande cha kwanza mdomoni. Meza ikanyamaza.

"Kaka yangu, bado."

Kumbe kuna utaratibu. Kwanza unaitazama kama inang'aa. Halafu unaivunja karibu na sikio. Ikilia "tak!" ujue mafuta yake yaligandishwa na fundi, ikijikunja kimya kama kipande cha sabuni kilicholowa, ujue umepigwa. Halafu unanusa. Halafu unaiweka juu ya ulimi, na hapa ndipo roho iliponiuma, hutafuni. Unaiacha. Mafuta ya kakao, anasema dada, yanayeyuka kwenye nyuzijoto kama 34, na mwili wa mtu una 37, kwa hiyo kazi itafanyika yenyewe, wewe tulia tu. Mimi nina meno 29. Nimeyatunza kwa gharama. Yalikaa humo ndani yanaulizana kulikoni.

Ila hapo kwenye nyuzijoto nilipata kitu. Dar mwezi wa Februari joto linapita 30 bila hata kuvuta pumzi, na dukani kwa Mangi, chini ya bati, usiseme. Yaani chokoleti ya mtaani kwetu inayeyuka mchana, inaganda usiku, kesho tena. Nikamuuliza dada: ule weupe unaoota juu yake, si ukungu? Akacheka. Si ukungu, ni mafuta yamepanda juu yakagandia huko. Sura imeharibika, lakini haidhuru mtu. Nikahisi jasho ndani ya kiyoyozi. Mwaka jana nilimwita Mangi muuaji mbele ya wateja saba, kwa kumuuzia Neema chokoleti iliyoota mvi. Nadaiwa samahani pale dukani, najua. Kwa sasa mkate namtuma mtoto.

Zikaja asilimia. Kuna ya 55, ya 70, ya 85. Kumbe hiyo ni sehemu ya kakao, na inayobaki karibu yote ni sukari. Maana yake, unavyozidi kulipa ndivyo unavyozidi kunyimwa sukari. Nitajieni biashara nyingine ya namna hii. Ile ya 85 ilipogusa ulimi nikamwona marehemu bibi ameshika kikombe cha mwarobaini, anasema meza mjukuu wangu, homa itashuka. Alama 85 ningezipata mimi shuleni, leo ningekuwa nawatibu wengine hiyo homa.

Kulia kwangu alikaa kijana mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula. Kafumba macho, pua juu. "Napata zabibu kavu," anasema. "Napata ngozi. Na tumbaku, kwa mbali." Ngozi! Mtu katoa hela yake, kapata ladha ya kiatu, na anashukuru.

Kwenye uozeshaji wenyewe, nikiri kwamba dada alijua kazi. Alituambia mvinyo mwekundu mkavu na chokoleti chungu, ambao kila mtu anadhani ni wapenzi, kwa kweli hawaelewani: wote wana ukakasi, na wakikutana mdomoni ni mawifi wawili jiko moja. Chokoleti chungu inataka kinywaji chenye utamu wa kuizidi, mfano Port, ule mvinyo mzito wa Ureno, au ramu iliyokaa kwenye pipa. Wasiotumia kilevi wakaletewa chai na kahawa. Watu wakawa wanakunywa tone, wanayeyusha, wanatikisa kichwa. Mimi nanusa glasi tupu. Nikaomba niongezewe, nikaambiwa kila mgeni amehesabiwa.

Nilitaka kuwaambia kwamba wazee wa Kariakoo wanaozesha kashata na kahawa chungu kila siku, bila aproni, na kutafuna ruksa. Mama Neema alinikanyaga mguu kabla sijafika kwenye "kashata".

Halafu dada akanyanyua tunda kavu la kakao. "Chokoleti yetu ya 70," anasema, "kakao yake inatoka Kyela."

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la pili. Kwa mama yangu ni Kyela! Mikakao ya mjomba ndiyo iliyonilea likizo zote. Lile tunda linaota limeng'ang'ania shina la mti, halingoji tawi. Unalipasua, ndani kuna mbegu thelathini, arobaini, zimevikwa nyama nyeupe, tamu na chachu kidogo, jamaa wa stafeli. Tulikuwa tunafyonza ile nyama, mbegu tunatema. Mjomba anasimama juu yetu na ndoo: "Fyonzeni, lakini kila mbegu irudi humu, hiyo ni ada ya shule." Yaani hizi ninazolipia elfu 75 Masaki, nilishazitia mdomoni zote bure nikazitema.

Na kabla ya ndoa kuna kuoza kwenyewe. Mbegu zinarundikwa, zinafunikwa majani ya migomba, zinachacha siku tano mpaka saba. Zinapata moto hasa, ukitia mkono unautoa mbio. Siku za mwanzo nyumba nzima inanuka pombe, baadaye siki. Ndipo zinaanikwa, na mvua ya Kyela mnaijua. Watoto tulilala na viatu, wingu likinguruma tu tunakimbilia majamvi.

"Kwa hiyo kaka, wewe unapata ladha gani?" dada akauliza.

Nikasema ukweli. "Napata jamvi la mjomba likinyeshewa."

Kimya. Halafu nikaona kalamu zinatembea. Wameandika! Kijana wa ndevu kafumba macho tena: "Ndiyo kabisa. Jamvi. Linakuja mwishoni."

Tulipotoka, Mama Neema akanunua kipande cha ile ya Kyela kwa bei ambayo sitaitaja, watoto wanasoma hapa. Nikakata nusu, nikaifunga kwenye gazeti, nikampa kondakta wa basi ampelekee mjomba. Nilikuwa na sababu. Mjomba analima kakao tangu sijazaliwa. Ule mwaka wa 2024, mavuno ya Ghana na Ivory Coast yalipoporomoka na bei ya dunia ikavuka dola 10,000 kwa tani, alianza kupokea simu zangu kwa kusema "Nani mwenzangu?" Lakini chokoleti alikuwa hajawahi kuila. Si moja.

Jumanne akapiga.

"Mjomba, nimekipata kile kisabuni chako."

Kilifika kimeyeyuka Morogoro, kikaganda Iringa, kikayeyuka tena huko mbele, kimeota mvi kichwa kizima. Nikamweleza ni mafuta tu, asiogope.

"Nani anaogopa? Nimeshakula. Na chai ya rangi."

"Umetafuna?"

"Sasa ningefanyaje, nikilalie?"

Nikamuuliza ameionaje. Akanyamaza kidogo, nikasikia anavuta chai.

"Aliyevuna hii alikuwa na shida ya hela," akasema.

"Umejuaje?"

"Haijakaa siku zake. Siku tatu hii, nne ikizidi, akaitoa akaianika. Huoni inavyokukaba hapa nyuma ya ulimi? Ingekaa sita ingelainika. Tena usimlaumu, pengine mtoto alikuwa anafungua shule."

Nikamfikiria yule kijana na tumbaku yake ya kwa mbali.

"Na hii kitu," mjomba akaendelea, "huko Dar mnaionja kwa shilingi ngapi?"

Nikamwambia mtandao unakatakata.