Ulimi hauna mitaa

Kwenye ukuta wa darasa letu la awali hapa Tabora palikuwa na chati ya ulimi uliokatwa mitaa minne kwa rangi: utamu mbele, uchungu nyuma, chumvi na uchachu pembeni. Nimeifundisha miaka miwili bila kuitilia shaka. Niliibandua siku nilipoleta asali.

Ilikuwa asali ya Sikonge, ile iliyokoza rangi, kwenye chupa ya maji. Nikaongeza chumvi ya Uvinza, ndimu, na maji niliyolowekea jani moja la mwarobaini. Kila mtoto kijiti chake, maana kijiti kimoja darasa zima ni kuomba kikohozi. (Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe asali kabisa, hawa wangu wana miaka mitano.) Nikamwambia mmoja apake asali nyuma ya ulimi, huko chati inakosema ni kwa uchungu tu. Akafumba macho, akameza. "Madamu, na huku tamu!" Wenzake wakajaribu pembeni, wakajaribu kwenye ncha. Tamu. Wakadai turudie, sijui kwa ajili ya sayansi au kwa ajili ya asali. Mwarobaini hakuna aliyedai kurudia.

Na walikuwa sahihi. Ramani ile ilizaliwa na utafiti wa Mjerumani Hänig wa mwaka 1901, ambao waliomfuata waliusoma vibaya. Palipo na chembe za kuonja, ladha zote hupatikana. Tena si nne: mwaka 1908 Mjapani Kikunae Ikeda alieleza ya tano, umami, ile inayoufanya mchuzi wa dagaa wa Kigoma ulambwe hadi kwenye sahani.

Wimbo wa milango mitano ya fahamu naupenda, tunauimba kila asubuhi. Ila mtoto anayetaja pua, ulimi na ngozi bila kunusa, kuonja wala kupapasa chochote amejua wimbo, basi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, jambo jema, lakini wengi wetu tumeugeuza kuwa darasa la kwanza lenye madawati mafupi.

Wazazi nao wanatusukuma huko. Mama mmoja alinijia na daftari la mwanawe. "Mwalimu, wiki nzima jeupe. Mnasoma nini?"

Wiki hiyo tulikuwa tunajifunza kuhusu moyo. Mwaka 1816 daktari Mfaransa Laennec alikunja karatasi ikawa bomba, akasikiliza kifua cha mgonjwa. Ndiyo asili ya kile kipimo cha shingoni mwa madaktari. Sisi tulikunja manila kuukuu. Watoto wakakimbia kuzunguka mwembe, wakarudi wakihema, wakasikilizana. Mmoja akaruka nyuma: "Madamu, humu ndani kuna mtu anatwanga!"

Nikampa yule mama bomba letu, nikamwita mwanawe. Akainama, akasikiliza muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Mbona unakwenda mbio hivi? Mtoto anaumwa?"

"Hapana mama. Moyo wa mtoto ndivyo ulivyo, hupiga haraka kuliko wetu."

Akaweka sikio tena. Ya daftari tulikuja kuyazungumza wiki iliyofuata.