Na kwa Kutotimiza Wajibu

Kuna mahali katika sala ya "Nakuungamia" ambapo ulimi wangu hupita mbio. "Kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo" nayatamka vizuri. Nikifika "na kwa kutotimiza wajibu", mkono umeshaanza kujipiga kifua. Nimeisali hivyo tangu Komunyo ya kwanza.

Nilifundisha miaka tisa katika sekondari ya bweni ya Kanisa, mingi kati ya hiyo nikiwa mwalimu wa taaluma. Kila usiku, kabla ya taa kuzimwa, wanafunzi walikusanyika kutafiti dhamiri. Sista alisoma maswali taratibu: leo umemwonea nani? Umemdanganya nani? Kisha kimya cha dakika tano. Sisi walimu wa zamu tulisimama nyuma tukiangalia nani kasinzia. Haikutujia kwamba maswali yale yangeweza kutuhusu.

Kujitafiti kwetu kulikuwa kikao cha tathmini. Matokeo yakitoka, tulihesabu daraja la kwanza wangapi, la pili wangapi. Sifuri hakuna, la nne hakuna. Makofi, soda, sala ya kufunga. Siri ya kukosa sifuri wote tuliijua: kila Novemba kulikuwa na mchujo. Aliyeshindwa kufikia wastani wa shule alipewa barua ya uhamisho, akaenda kupata sifuri yake kwingine, kwenye takwimu za watu wengine.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola, ambaye kitabu chake cha sala, Mazoezi ya Kiroho, kiliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, alipanga utafiti wa dhamiri kwa hatua tano. Ya kwanza ni kushukuru. Halafu unaomba neema ya kuyaona makosa yako, unaipitia siku saa kwa saa, unaomba msamaha, unaazimia kujirekebisha. Hiyo ya pili ndiyo inayonigusa: hata kuona ni kwa kuomba. Mtu akiachiwa macho yake mwenyewe ataona anachopenda kuona, na shule vilevile. Sisi tulipenda kuona madaraja.

Na Kanisa lilishatuandikia cha kutafuta. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, kuhusu elimu, la Oktoba 1965, linataka shule zake ziwajali hasa walio maskini, waliokosa msaada na upendo wa familia, na wasio na imani. Mwaka 1977 Roma ikaonya tena kwamba shule katoliki ikielekea kwa wenye nacho tu, inasaidia kuwabakiza juu walio juu tayari. Hebu niambie, swali la tunamhudumia nani limewahi kuwekwa kwenye ajenda ya kikao gani cha walimu?

Najua nitakachojibiwa. Shule nyingi za Kanisa hapa Tanzania zilitaifishwa baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, na hizi za leo zinalipa mishahara kwa ada. Mzazi anayelipa anataka daraja la kwanza. Ni kweli, na mshahara wangu ulitoka humohumo. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora kuanzia matokeo ya kidato cha nne ya 2022, lakini mabango ya "tumeongoza" bado yapo getini. Sidai shule ziache kufaulisha. Mwalimu mvivu anayejificha nyuma ya rozari simtetei hata kidogo. Ninachotaka ni kwamba kabla ya soda, mkuu wa shule asome pia majina ya walioondoka mwaka ule, mmoja mmoja, na kila jina likisomwa mtu aseme tulimfanyia nini kabla ya kumwandikia barua. Kikao kitakuwa kirefu. Kiwe.

Mwaka mmoja kulikuwa na binti wa kidato cha pili ambaye baba yake alifariki Machi. Hadi Novemba alikuwa amepungukiwa alama tatu kufikia wastani. Orodha ya mchujo niliichapa mwenyewe, jina lake likiwa la saba, nikaipeleka kusainiwa. Namba ya simu ya mama yake ilikuwa kwenye faili, kabati la kushoto, hatua mbili kutoka kwenye meza yangu. Sikumpigia.