Tuisheni haitibu kukariri

Kuna makala inayosema dawa ya wanafunzi wa Moshi wanaokariri bila kuelewa ni kuongeza saa za tuisheni. Sikubaliani, wataongezewa cha kukariri tu. Walimu hukosea kurudia swali lile lile la daftarini, na hapo kinachopimwa ni kumbukumbu. Badilisheni hali inayoulizwa. Mwanafunzi akishataja kwamba maji huchemka nyuzi 100, muulize kwa nini maharage kwenye kambi za juu Kilimanjaro hugoma kuiva. Akisie kwanza, kisha aeleze kwa maneno yake. Aliyeelewa ataifuata sababu: mgandamizo wa hewa hupungua, maji huchemka mapema, kileleni kwenye mita 5,895 ni kama nyuzi 80 tu, joto dogo kwa maharage. Presha kuka, sufuria inayofungwa ili mvuke usitoke, inasaidiaje? Hilo nalo muulize.